Mteja akianza kutukana, mrudishe kwenye hesabu

Mkuu, umesema mteja amechukua nembo na bango, anavitumia dukani kwake, na ukimdai laki tatu iliyobaki anakuporomoshea matusi. Pole. Yamenikuta mara mbili, na mara ya kwanza niliharibu mwenyewe.

Ilikuwa menyu ya mgahawa, kurasa 12. Tulipatana laki sita, akatanguliza laki moja na nusu, nami kwa ujinga nikamtumia faili la kuchapia kabla hajamalizia. Menyu ikawa mezani, mimi nikawa "kijana msumbufu". Siku moja saa tano usiku akanitumia sauti ya dakika nzima, matusi matupu. Nikamrudishia, tena kwa ufundi. Kumbe ndicho alichokuwa anakitafuta! Tulipofika serikali ya mtaa akafungua simu na kumwonyesha mtendaji meseji zangu. Kikao kizima kikawa cha adabu yangu. Deni halikuguswa, na hela ile sijaiona mpaka leo.

Wa pili alikuja na mdomo uleule. Safari hii sikumjibu usiku. Asubuhi nikaandika: "Bosi, habari za asubuhi. Naweka kumbukumbu sawa: kazi nilikabidhi tarehe 4, umelipa 200,000, imebaki 450,000. Kama nimekosea hesabu naomba unisahihishe."

Akajibu papo hapo: "Acha uongo, imebaki laki nne, na nitalipa nikijisikia."

Nilicheka peke yangu. (Kweli nilisahau elfu hamsini aliyonirushia kwa simu, sikumtega.) Alikuwa amekiri deni kwa vidole vyake.

Wengi wanadhani bila karatasi yenye mhuri huna kesi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Kazi ni kuyathibitisha. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu meseji kupokelewa kama ushahidi. Kwa hiyo chati zenu, muamala wa ile pesa ya kuanzia, na picha ya bango lako likiwa limening'inia dukani kwake, vyote vitunze. Deni la mkataba unaweza kulidai mahakamani ndani ya miaka 6, usikurupuke.

Nilimpelekea barua ya madai ya siku 14, akaidharau. Nikaenda Mahakama ya Mwanzo, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na sikuhitaji wakili. Samansi ilipomfika akapiga simu, sauti imelainika: "Mdogo wangu, haya si tungeyamaliza wenyewe?" Akalipa 250,000, na 150,000 mwezi uliofuata.

Polisi watakwambia hilo ni dai, si jinai, na watakuwa sahihi. Kumwanika mtandaoni ndiyo usithubutu. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mtu asiye na hela ya kukulipa hakosi nauli ya kwenda kukushtaki.

Leo usimjibu. Kesho asubuhi mtumie ujumbe kama ule wangu, weka tarehe na tarakimu zako, usiongeze neno. Akijibu, piga picha ya skrini hapohapo kabla hajafuta.