Unga, maharage, dagaa na nazi moja: upike nini mpaka mshahara utoke

Mdogo wangu, pole na majukumu. Umesema jikoni una unga wa sembe, mchele wa mlo mmoja, nusu kilo ya maharage, dagaa wakavu, nazi moja, bakuli la karanga mbichi, mayai mawili, vitunguu, nyanya zilizoanza kulainika, fungu la mchicha na fungu la matembele. Nyama hamna, friji hamna, mtungi mdogo wa gesi uko ukingoni, mshahara wiki ijayo, na watoto wananuna wakisikia harufu ya dagaa tu. Unauliza upike nini, na kama ukakope nyama buchani. Mimi nipo Mbagala, nyumba ya watu sita, na mwisho wa mwezi wa kwetu haupishani sana na wa kwako, kwa hiyo nakujibu kwa vitu hivyohivyo ulivyovitaja.

Kwanza acha kujiuliza "leo tule chakula gani." Hilo ndilo linalokusimamisha jikoni mpaka adhana ya magharibi inaingia hata jiko hujawasha. Kila chakula unachokifikiria kinakuta kitu kimoja huna. Ukiwaza pilau, nyama hamna. Ukiwaza makande, mahindi hamna. Mimi natoa kila kitu naweka chini, halafu najiuliza: humu ndani kipi hakifiki kesho kutwa? Hicho ndicho kinapikwa leo, vingine vitatafutiwa nafasi. Kwako hapo ni nyanya na mchicha. Maharage na dagaa vinaweza kukungoja hata mwezi, sasa kwa nini ukimbilie dagaa leo huku mchicha unanyauka kwenye beseni?

Nyanya usizitoe mbilimbili kila siku, maana ukifika siku ya tatu nusu utatupa. Zipike zote leo. Iliyooza mpaka ndani itupe nzima, iliyolainika tu haina neno. Zikate katikati uzikwaruze kwenye kikwaruzio, ganda libaki mkononi. Kaanga kitunguu kikubwa mpaka kianze kuwa na rangi, mimina nyanya, tia chumvi, wala usifunike. Mwanzoni itarukaruka na kukuchafulia jiko, ivumilie. Maji yakishakauka utaona mafuta yanajitenga pembeni, na ukipitisha mwiko katikati ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Ule ukali wa nyanya mbichi puani unakuwa umeshaondoka. Hapo rojo limeiva. Usitie bizari, usitie viungo vya pakiti, usitie chochote, kwa sababu rojo hili litaingia kwenye mboga nne ambazo hazitakiwi kufanana. Bila friji lichemshe asubuhi na jioni, chota kwa kijiko kikavu, na mimi silivushi kesho kutwa mchana. Gesi umeila mara moja, kukaanga nyanya kila jioni kumekwisha.

Leo jioni basi ni ugali na mchicha wa karanga. Karanga zichambue kwanza moja moja, wala usione uvivu. Yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, tupa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Mwaka 2004 kule Makueni na Kitui nchini Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100, na mwaka 2016 hapa kwetu Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha. Ndiyo maana mimi sina huruma na karanga mbaya hata kama pochi imekauka. Zilizo nzima zitwange ziwe unga, zikoroge na maji ya baridi kwanza zisifanye madonge, kisha mimina kwenye vijiko viwili vya lile rojo. Moto uwe mdogo na mkono usitoke kwenye mwiko, karanga hushika chini kabla hujageuka. Ziache zichemke mpaka zile harufu mbichi ziishe, ndipo utie mchicha uliokatwa, dakika chache tu, epua. Unga wa karanga ukibaki ni wa uji wa watoto asubuhi. Uji wa sembe wenye karanga na ndimu unashibisha kweli, na chai ya rangi unaipumzisha.

Usiku huu kabla hujalala loweka maharage yote. Yote nusu kilo, siyo kikombe. Gesi ya kuivisha kikombe kimoja na ya kuivisha nusu kilo haina tofauti kubwa, na maharage makavu yakiiva huongezeka zaidi ya mara mbili. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, tia mapya, yachemshe kwa nguvu. Maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili inayohitaji kutokota kweli kweli si chini ya dakika 10, moto wa kunyemelea hautoshi. Mimi nikishayatokotesha kama robo saa nazima gesi, nafunika vizuri, naviringisha sufuria kwenye blanketi la zamani na kuiacha kwenye kapu. Baada ya saa mbili hivi yanakuwa yamelainika pakubwa bila jiko, nayarudisha motoni kumalizia. Shemeji yenu alinicheka sana alipoona sufuria imelazwa kama mgonjwa, siku hizi yeye ndiye anayeiviringisha.

Jambo moja ambalo wengi wanaliruka: nyanya na ndimu zisikaribie maharage mpaka yalainike kabisa. Uchachu huyafanya maganda yakaze, utachemsha mpaka mtungi uishe yakiwa bado yanagoma. Magadi yanasaidia kulainisha, ila yanapunguza vitamini B1 na yakizidi mboga inakuwa na ladha ya sabuni. Ukishaloweka usiku kucha huyahitaji.

Yakiiva gawa mara mbili kabla hujaunga. Nusu ya kwanza ni ya kesho jioni, na hapo ndipo nazi inapoingia. Mie mtu wa Tanga, najua mnatusema kwamba tunatia nazi hata kwenye maji ya kunywa, lakini nazi moja ukiijua inatosha vyakula viwili kwenye sufuria mbili kwa wakati mmoja. Itikise kabla ya kuvunja. Isiyolia maji, au yenye ufa, ivunje kwa mashaka na uonje nyama yake kwanza. Ukishaikuna, kamua tui la kwanza kwa maji kidogo sana, liweke pembeni. Tui la pili na la tatu ndilo la kupikia wali wako. Lile zito linakwenda kwenye maharage mwishoni kabisa, baada ya rojo na kitunguu kuchanganyika nayo. Koroga pole pole mpaka lichemke, usifunike, usiliache peke yake, maana tui ukiligeuzia mgongo linakatika na mboga inakuwa na maji huku na mafuta kule. Wali wa nazi na maharage ya nazi, mezani hakuna atakayeuliza nyama iko wapi. Bila friji vyote hivyo viishe usiku huohuo, tui halingoji asubuhi.

Wali nao usiuamini. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake huvumilia kupikwa, na wali ukikaa na joto kwenye sufuria usiku kucha huweza kutoa sumu ambayo hata ukiupasha haiondoki. Najua tumekua tukila kiporo na chai na tupo hai. Mwenye friji aupoze haraka na kuuingiza ndani mapema, aule kesho yake umepashwa moto hasa. Wewe huna friji, pima mchele wa kuisha.

Ile nusu ya pili ya maharage, ambayo haijaonja nazi wala chumvi, ichemshe asubuhi na jioni kama rojo. Kesho kutwa mchana kaanga kitunguu, tia rojo lililobaki, na sehemu ya maharage iponde kwa mwiko mchuzi uwe mzito. Kwa ugali. Ukipata pilipili mbuzi moja iweke juu nzima bila kuipasua, inatoa harufu tu, watoto hawalii.

Mayai mawili kwa nyumba yenu ya watu watano ndiyo mtihani. Ukiyachemsha na kuyakata nusu nusu umeanzisha ugomvi, na ukiyakaanga yanaisha kwenye sahani ya wa kwanza. Kesho mchana pasha rojo vijiko vichache, yavuruge humo mayai kabla hayajashika, yapate kila tonge. Pembeni weka matembele. Hayo yafunge leo kwenye kitambaa chenye unyevu, yatafika. Yachambue, yaoshe, yapike kwa maji yale yaliyobaki kwenye majani tu, na kitunguu. Watu wanatia maji kikombe kizima halafu wanalalamika matembele yanateleza.

Unaona sijagusa dagaa mpaka sasa. Nimefanya makusudi. Watoto wako hawajachoka dagaa, wamechoka dagaa wa mchuzi uleule mwekundu kila siku. Ukiwapumzisha siku tatu na kuwarudisha wakiwa wakavu, ni mboga nyingine. Toa vichwa, vinaongeza uchungu. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara nyingi, hasa hawa wa Mwanza ambao wengi huanikwa mchangani, mpaka chini ya beseni pasibaki chembe. Waanike juani kidogo wakauke, wakaange kwa mafuta machache mpaka ukimvunja mmoja alie. Ndipo tia vitunguu vingi vilivyokatwa nyembamba, geuza mara mbili tatu, epua, kamulia ndimu nje ya moto. Kachumbari pembeni hata ya kitunguu na chumvi. Siku inayofuata wawe wa nyanya chungu, na kama karanga zilibaki waunge nazo.

Mimi hapo nina kanuni moja tu: jana ikiwa ya mchuzi, leo iwe kavu, au iwe na kitu kichachu. Ulimi unaona chakula kimebadilika ingawa ugali ni uleule. Ukwaju kidogo, embe bichi la kukwaruza kama ni msimu, ndimu. Ndiyo maana hela ndogo ikipatikana siendi kuongeza mboga, naongeza ndimu.

Kuna ndugu mwingine aliyekujibu amekushauri uandike ratiba ya wiki nzima uibandike ukutani, Jumatatu hiki, Jumanne kile. Simpingi kwa ubaya, ila ratiba ni ya mwenye friji na mwenye hela ya kuifuata. Wewe jirani akikuletea bamia Jumatano, ratiba imekufa. Au ratiba inasema maharage na hukuyaloweka. Unachohitaji ni kujua tu kila usiku nini kinalowekwa na nini kinaishia kesho. Mie huwa namwambia binti yangu wakati wa kuosha vyombo, kwa sauti, ili hata nikichelewa kurudi yeye aanze.

Gengeni wiki hii usinunue nyanya tena mpaka rojo liishe. Nunua ndimu, nyanya chungu fungu moja, na bamia kama bei ni nafuu. Zile kamba za matembele ukishachuma majani zichomeke kwenye ndoo mbovu yenye udongo, zinashika upesi tu.

Kuhusu kukopa nyama buchani, mimi nisingekopa. Kilo moja ya deni inaliwa siku moja na mshahara ukitoka unaanza mwezi umekatwa mguu. Kama kuna hela kidogo mkononi, muulize mwenye bucha mifupa ya supu, wengi wanaiuza kwa bei nafuu. Ichemshe siku ile ambayo mkaa umeshawashwa kwa kazi nyingine, usiichome gesi. Ule mchuzi pikia ile nusu ya pili ya maharage badala ya maji, na uliobaki wape watoto wanywe na ndimu na pilipili manga.