Muulize Bi. Maabara: Maji Yakinuka Dawa, Usiyakimbie

*Safu hii inajibiwa na fundi sanifu maabara mstaafu, aliyefanya kazi ya kupima maji ya bomba. Barua zimefupishwa.*

Shikamoo Bi. Maabara. Tunaishi Goba. Maji ya bomba tunapata kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane. Yakianza kutoka yana rangi ya kahawia, baadaye yanakuwa meupe lakini yananuka dawa mpaka watoto wanayasusa. Tunayajaza kwenye simtanki la lita 2,000 lililo juu ya choo cha nje, na ya kunywa tunakinga koki ya jikoni. Juzi mwanangu wa kidato cha kwanza kaambiwa ana taifodi. Mume wangu anasema tuachane na bomba, tuwe tunanunua maji ya boza. Nimsikilize? – Mama wa wawili, Goba

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Mwambie baba watoto asimpigie mwenye boza kwanza. Akimpigia, amwulize swali moja tu: hayo maji umeyajaza wapi? Wengi watamjibu "ni masafi, bosi", na hilo si jibu. Boza linaweza kuwa limejazwa kwenye kisima cha mtu kilichochimbwa ng'ambo ya ukuta wa shimo la choo. Bomba walau unajua linakotoka.

Maji yenu, kama ya sehemu kubwa ya Dar es Salaam, ni ya Mto Ruvu. Yanasafishwa Ruvu Juu, pale Mlandizi, au Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Ruvu Chini imejengwa kutoa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196. Wakati wa masika mto huo unashuka na rangi ya maji ya kunde. Mtamboni tope linagandishwa kwa dawa, linatuama, maji yanachujwa kwenye mchanga, halafu inatiwa klorini. Klorini haiishii kuua vijidudu vya pale mtamboni. Inazidishwa kidogo kwa makusudi ili ibaki ndani ya maji safari nzima mpaka kwako. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba maji yakifika kwa mtumiaji yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, na kiwango cha juu wanachokiona salama ni miligramu 5. Pua ya mtu inaanza kuinusa ikiwa chini sana ya hapo. Kwa hiyo watoto wako wanaponung'unika kwamba maji yananuka dawa, mimi ningefurahi. Siku ambayo maji ya bomba hayana harufu kabisa ndiyo siku ningetaka kuyapima.

Ile rangi ya kahawia ni habari nyingine. Mgao ukipita, bomba linabaki tupu, na bomba tupu halina nguvu ya kusukuma chochote nje. Penye ufa au kiungio kilicholegea, maji ya mtaroni yanaingia. Maji yakirudi yanakokota yote hayo pamoja na kutu na tope lililolala chini ya bomba. Mtaani kwenu mabomba ya plastiki ya wateja mangapi yamepitishwa ndani ya mtaro wa maji machafu? Tembea utazame mchana, utaona mwenyewe. Basi yale ya mwanzo yasiingie simtanki. Fungua koki ya karibu na mita, kinga kwenye ndoo za chooni na za kudekia mpaka yang'ae, ndipo ugeuzie kwenye tenki. Najua ni saa nane usiku na usingizi ni mtamu. Fanya hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye simtanki, maana kwa barua yako mimi mshukiwa wangu ni huyo. Kipimo cha klorini ni rahisi: kidonge kidogo kinatiwa kwenye kichupa cha maji, maji yakigeuka rangi ya waridi klorini ipo, yakibaki meupe haipo. Katika kazi yangu nimeona nyumba nyingi ambazo koki ya kwenye mita inatoa waridi nzuri, halafu koki ya jikoni maji hayabadiliki hata chembe. Kati ya koki hizo mbili hakuna kitu ila simtanki la mwenye nyumba. Jua linalipasha, klorini inaruka, tope la chini linamaliza iliyobaki. Mfuniko umepasuka au umewekewa jiwe. Mjusi keshaingia. Popo, ndege na panya wote nimewakuta humo, na wenye nyumba walikuwa wanalalamikia maji ya bomba.

Kulisafisha si kazi ngumu. Maliza maji, sugua kuta na sakafu kwa brashi, tope litoke lote. Jaza upya, tia ile dawa ya maji ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni, yenye klorini ya asilimia 3.5, kiasi cha lita moja na nusu kwa kila lita 1,000. Fungua kila koki ya ndani mpaka unuse dawa, zifunge, acha usiku kucha, kesho yake mwaga yote na usuuze. Kama kumwaga lita 2,000 wakati wa mgao kunakuuma (hata mimi kungeniuma), jaza robo, punguza dawa vivyo hivyo, na kuta zisugulie maji hayo hayo. Usichanganye dawa hiyo na ya kusafishia choo, inatoa hewa ya sumu. Na mtu asiingie ndani ya tenki bila mwenzake kusimama nje. Kisha nunua mfuniko mpya. Ungelihamisha pia kutoka juu ya choo ningekushukuru, lakini najua viwanja vyetu.

Kuanzia sasa maji ya kunywa kinga koki ya kwenye mita wakati yanatoka. Weka ndani ya ndoo yenye mfuniko na koki, na ya watoto yalaze kwenye jagi usiku kucha. Asubuhi harufu itakuwa imepungua sana.

Kuhusu taifodi, mimi si daktari. Ila uliza mtoto alipimwaje. Kipimo cha Widal, ambacho zahanati nyingi ndicho wanachotumia, kinaweza kusema "ndiyo" kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye homa nyingine kabisa. Kuotesha damu maabara ndiko kunakoaminika zaidi. Usiache dawa aliyopewa kwa sababu yangu, lakini uliza.

Bi. Maabara, mimi nipo Kimara. Jirani yangu kafunga mota moja kwa moja kwenye bomba linaloingia kwake, tenki lake halikauki. Mimi napata ya kudondoka. Fundi bomba ananishauri na mimi nifunge. Kuna ubaya? – Mlalamikaji, Kimara

Upo, mwanangu, tena mkubwa kuliko ubishi wa ujirani.

Bomba lenye nguvu likivuja, maji yanatoka nje, tunapata hasara ya maji. Bomba linalovutwa na mota likivuja, kilicho nje kinaingia ndani. Mota yako haichagui. Inavuta maji safi, na kama kiungio cha bomba mtaroni kina ufa na chemba ya mtu inafurika hapo juu, inavuta na hiyo. Na mkishakuwa wawili mnavuta, wa tatu naye atafunga, hapo mtaa mzima mnakunywa mnachokivuta kwa pamoja. Mamlaka za maji zinakataza jambo hili na zina haki. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoani hakikuhitaji bomba la kisasa kusafiri. Kilihitaji kinyesi kukutana na maji.

Njia halali ipo. Tenki dogo lichimbiwe au liwekwe chini, karibu na mita, liwe na boya la kufunga likijaa. Maji yanaingia humo kwa nguvu yake yenyewe, hata kama ni ya kudondoka, usiku kucha. Ndipo mota iyatoe kwenye tenki la chini iyapandishe juu. Mota inavuta maji yako ulokwishayapokea. Fundi atakwambia ni gharama. Ni kweli, na yeye kufunga moja kwa moja ni kazi ya nusu saa, ndiyo maana anaipenda.

Jirani? Zungumzeni kwanza. Mpelekee gazeti hili.

Kijana mmoja mwenye begi alikuja nyumbani Mbezi Beach kuuza mashine ya kuchuja maji. Akatia kwenye glasi ya maji yetu ya bomba kifaa chenye vijiti vya chuma, akakiwasha kwenye umeme, maji yakageuka kama tope la mto, yana mapovu ya kijani! Maji ya mashine yake hayakubadilika. Tangu siku hiyo mke wangu hanywi maji ya nyumbani. Mashine ni ya bei kubwa. Tununue? – Baba Mkwe, Mbezi Beach

Barua hii nimeisubiri kwa hamu, maana hao vijana wameingia mpaka kwenye vikao vya vikoba.

Tope uliloliona halikuwa ndani ya maji yako. Limetoka kwenye vijiti. Vijiti vile ni vya chuma. Umeme ukipita majini, chuma kinamomonyoka na kuwa kutu mbele ya macho yako. Rangi ya kahawia na ile ya kijani zote ni chuma. Ili umeme upite, maji yanahitaji chumvichumvi kidogo, na maji ya bomba, ya kisima, hata ya chupa nyingi za dukani yanayo. Maji ya mashine yake yameondolewa karibu chumvi zote, umeme haupiti, vijiti haviliki. Ndiyo siri nzima.

Akirudi, mkaribishe chai. Mwombe arudie na yale maji yake "masafi", ila kabla hajawasha, wewe tia punje chache za chumvi ya jikoni. Yatageuka tope. Mtazame usoni.

Wengine wanakuja na kalamu inayoonyesha namba. Nayo inapima chumvichumvi zilizoyeyuka, basi. Maji yenye vijidudu vya kipindupindu yanaweza kutoa namba nzuri kuliko maji ya bomba yaliyotiwa klorini.

Sisemi mashine hizo ni za bure. Mwenye kisima cha chumvi karibu na bahari, Kunduchi au Kigamboni, itamsaidia kweli, kwa kuwa kuchemsha hakuondoi chumvi. Hata hivyo inamwaga maji mengi kwa kila glasi inayokupa, na ukiwa kwenye mgao hilo si jambo dogo. Pia inaondoa klorini, kwa hiyo maji yakitoka humo hayana mlinzi tena. Chombo utakachoyawekea lazima kiwe safi haswa. Kwa wewe wa bomba, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo peleka sampuli ya maji maabara. Omba wapime vimelea vya kinyesi, klorini iliyobaki na tope. Chupa ya sampuli wakupe wao, wasikuachie uende na chupa ya soda. Majibu mpe mkeo ayasome mwenyewe.

Shikamoo. Mimi niko Usa River. Watoto wangu meno yana madoa ya kahawia. Nachemsha maji kila siku mpaka yanapungua sufuriani, lakini hakuna mabadiliko. – Mama Arusha

Marahaba. Hapo acha kabisa kuyachemsha mpaka yapungue. Madoa hayo yanasababishwa na floridi, inayotoka kwenye mawe ya Mlima Meru; vyanzo vya kwenu, hasa upande wa Maji ya Chai, vinajulikana kwa hilo miaka mingi. Maji yanaruka na mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo unawapa watoto floridi nzito zaidi. Kidonge cha klorini nacho hakiigusi. Inapunguzwa kwa mkaa wa mifupa, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo jirani yako, kinashughulika na hayo, nenda kawaulize. Maji ya mvua yakikingwa kwenye bati safi ni mazuri sana kwa kunywa na kupikia uji wa mtoto mdogo. Na maharage usiyatie magadi. Magadi ya ukanda huo yana floridi ya kutosha.

Madoa ya meno yaliyokwisha ota hayatatoka kwa kubadili maji. Unayemwokoa ni mdogo wao, ambaye meno ya utu uzima bado yanajengeka ndani ya fizi.

Maji ya kunywa yachemke dakika ngapi? Gesi inaniishia. – Mpangaji, Tegeta

Yakishatoa mapovu makubwa sufuria nzima, hesabu dakika moja, zima. Hizo dakika kumi na ishirini ulizofundishwa zinachemsha hela yako tu. Yakiwa na tope, yatuamishe na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza. Kama gesi imekwisha kabisa, tumia vidonge vya klorini vya duka la dawa: soma karatasi yake idadi kwa dumu la lita 20, tia, subiri nusu saa. Halafu usichote kwa kikombe cha mkono. Ndoo iwe na koki.