Kijana unayekwenda jeshini, mwangalie rubani wako

Huku kwetu Lamu nahodha unamwona. Amekaa tezi, nyuma ya chombo, mkono kwenye usukani, na ukimuuliza habari za upepo atakujibu. Ndege ya jeshi si hivyo. Nimepanda Buffalo, ndege ya kubebea askari na mizigo, mpaka hesabu imenipotea, na sura ya rubani nimeiona mara moja tu.

Mwanangu, ndege kama hiyo unaingilia nyuma, kwa mlango mkubwa unaoshuka kama ulimi. Viti ni vya turubai, vimepangwa ubavuni. Mnakaa mkitazamana, mizigo katikati. Tia pamba masikioni kabla injini hazijawashwa, na usiende bila koti, hata kama nje jua la kaskazi linachoma.

Hayo utayazoea. Ninalotaka ulishike ni hili: usimhukumu rubani ukiwa umekaa nyuma usikoona kitu.

Julai moja, kusi imeshika, tulikuwa tunatua Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu. Upepo ukatupiga ubavuni. Ardhi ilikuwa karibu kabisa, mara injini zikanguruma, tukapanda tena. Jirani yangu alishika mkanda wake kwa mikono miwili, midomo inacheza, anasoma Ayatul Kursiy. Mimi nikasema kwa sauti, "Huyu kazi haijui." Rubani akazunguka, akarudi, na safari hii alitushusha polepole hata chupa ya maji iliyosimama miguuni pangu haikuanguka. Nikateremka nimenuna, nikashika njia ya gatini bila kugeuka nyuma.

Fundi mmoja wa ndege ndiye aliyenifumbua macho baadaye. Rubani akiona hajakaa sawa, kurudi juu ndiyo kazi yenyewe. Wa kuogopwa ni anayelazimisha. Nikaona haya. Nahodha anayekataa kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakiwa yamekupwa, nani hapa Lamu humwita mwoga?

Basi ukishateremka, subiri mapanga yasimame kabisa, zunguka kwa mbali mpaka mbele, uinue mkono. Mimi nilifanya hivyo safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Dirishani alikuwa kijana mdogo kuliko kifungua mimba wangu, shati limelowa jasho. Alishtuka kidogo, kisha akanipungia.

Yule wa Manda sijamjua hadi leo. Nikivuka kwa mashua, ndege ikipita juu inakwenda kutua, humwombea dua.