Noto, Sicilia: uanzie wapi ukiwa na siku moja

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini majengo ya Noto, mji wa kisiwa cha Sicilia nchini Italia, yanaonekana ya rika moja, na uanzie wapi. Tetemeko la tarehe 11 Januari 1693 liliubomoa mji wa kale uliokuwa mlimani, wakazi wakajenga mwingine mahali papya, kwa mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Anzia kwenye jumba la familia ya Nicolaci: simama chini ya roshani zake, utazame simba, farasi na nguva wa hadithi (nusu mwanamke, nusu samaki) waliochongwa kwenye mawe yanayozibeba, na usiharakishe hata kidogo. Kisha ingia kanisa kuu, ambalo kuba yake iliporomoka mwaka 1996, likafunguliwa tena 2007. Nakusihi uliangalie alasiri, jua linapopiga ukuta wake wa mbele.