Usiwaulize "Mnapata Wapi Taarifa?"

Kama unaandaa utafiti wa namna watu wanavyotafuta na kutumia taarifa, nakuomba ufute swali moja kabla hujatoa nakala za dodoso: lile la "Unapata taarifa kupitia redio, televisheni, simu au maktaba?" Nimefuatana na wanafunzi wa uzamili kukusanya data hapa Mwanza, na kila mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, jibu ni lilelile. Mtu anaweka vema kwenye redio na simu, anarudisha karatasi, anaendelea na dagaa wake. Jedwali linajaa asilimia, wala humjui uliyemhoji.

Fani yenyewe imeshahama huko. Zamani watafiti walihesabu zaidi matumizi ya maktaba, na waliochunguzwa sana walikuwa wanasayansi. Mwaka 1981 Tom Wilson wa Uingereza alieleza kwamba haja ya taarifa huzaliwa na haja nyingine za maisha. Brenda Dervin, Mmarekani, akaanzia pale mtu anapokwama: alikuwa katika hali gani, alikosa nini, na alichokipata kilimsaidiaje. Mwaka 1995 Reijo Savolainen wa Finland akaugeuza utafutaji wa taarifa wa maisha ya kila siku kuwa uwanja kamili wa utafiti.

Kwa hiyo anza na tukio. Kwenye mwalo wa Igombe tulimuuliza mama mmoja anayeanika dagaa: "Shikamoo mama. Mara ya mwisho kushindwa kuamua ununue au usinunue ilikuwa lini?"

"Marahaba. Juzi tu hapa!"

Akaeleza bila kusukumwa. Mitumbwi ilikuwa imeshusha dagaa wengi, bei ya ndoo imeshuka, lakini wingu limetanda ziwani. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka huishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya hasara. Redio ilishatangaza mvua, ila mvua ya wapi na saa ngapi? Akampigia wifi yake Ukerewe kuuliza hali ya huko. Kisha akamtazama bibi mmoja mzoefu wa pale mwaloni: anatandaza au anakusanya? Bibi alikuwa anatandaza. Mama akanunua, lakini nusu ya alichokusudia.

Hiyo nusu ndiyo data. Inaonyesha nani aliaminiwa, kwa kiasi gani, na taarifa ilibadilisha nini. Wengi wetu huishia kwenye kutafuta. Kutumia tunakupa sentensi moja. Usiondoke bila kuuliza, "Baada ya kusikia hivyo, ukafanyaje?"

Jambo jingine ni siri. Elfreda Chatman, aliyechunguza maisha ya wafagizi na wanawake wafungwa Marekani, alionyesha kwamba watu huficha haja zao wakihisi kuuliza kutawaweka pabaya. Hapa kwetu hilo lina uzito mkubwa. Mvuvi mwenye nyavu haramu au deni kwa tajiri wake hatakuambia anamuuliza nani ushauri huku kiongozi wa mwalo amesimama pembeni yako. Omba kibali kwa kiongozi, mshukuru, kisha kaa na mvuvi peke yenu.

Na chagua siku. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza ili taa zao zivute samaki. Nenda wakati wa mbalamwezi, wengi wakiwa nchi kavu wanashona nyavu. Mikono ina kazi, na muda wa kuongea upo.