Kwa wanaoanza kukuza mifumo ya kidijitali ya afya mkoani Kigoma

Ndugu mnaoanza kazi hii, kabla ya kupanga namna ya kuongeza watumiaji, ulizeni kila huduma mnayotaka kuitoa iko chini ya mamlaka gani. Kumkumbusha mjamzito tarehe ya kliniki, kumuunganisha mgonjwa na daktari na kumuuzia dawa ni huduma zinazoweza kukaa katika simu moja, lakini kisheria ni kazi tatu. Daktari lazima awe na usajili na leseni hai. Uuzaji wa dawa unawapeleka kwenye Baraza la Famasi na TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa na vifaa tiba. Na taarifa zote mnazokusanya zinaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kwa kawaida hairuhusu zichakatwe bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Nawashauri muanze na huduma moja, muikamilishie vibali vyake, ndipo muongeze ya pili.

Hata hivyo, vibali peke yake havitawapa watumiaji. Katika zahanati za kandokando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Uvinza, muuguzi anayepima watoto uzito mara nyingi ndiye huyo huyo anayejaza vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma za afya, na kujumlisha takwimu za mwezi zinazoingizwa katika DHIS2, mfumo wa kielektroniki wa takwimu za afya. Mkimletea kishikwambi cha kuandikia mambo yale yale kwa mara ya pili, atakijaza mkiwapo, kisha atarudi kwenye kitabu, kwa kuwa kitabu ndicho atakachoulizwa wakati wa usimamizi. Na katika hilo hana kosa lolote. Kaeni naye kwanza, mwone ni safu zipi anazijaza na ni jumla ipi inayomchosha, kisha mfumo wenu umtolee jumla hiyo.

Tazameni m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, yenye namba ya bure 115: imeshikamana na utaratibu wa rufaa uliokuwapo, na gari la wagonjwa linapokosekana huitwa dereva wa jamii aliyekubaliwa.

Kwa hiyo, mnapomwendea Mganga Mkuu wa Halmashauri kuomba kupanua kazi hadi Kasulu au Kibondo, msimpelekee idadi ya waliopakua programu. Mpelekeeni idadi ya wagonjwa waliopewa rufaa, waliofika hospitalini, na waliorudishiwa majibu katika zahanati walikotoka.