Kwotabeki wawili: inategemea wamegawanaje kazi

Umeuliza kama kutumia kwotabeki wawili (kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) kunafaa kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Kunafaa, ila kila mmoja awe na kazi yake. Timu ya Chuo Kikuu cha Florida ya msimu wa 2006 ndiyo mfano ninaoupenda: Chris Leak, mkongwe, alianza mechi na kurusha pasi, Tim Tebow, mwaka wa kwanza tu, aliingizwa zikibaki yadi chache tu za kusogeza mpira, akakimbia na mpira mwenyewe. Wakaifunga timu ya chuo kikuu cha Ohio State 41-14 fainali, wakawa mabingwa.

Mwaka 2015 kocha yuleyule wa Florida, Urban Meyer, sasa akiwa Ohio State, aliwachezesha kwa kupokezana kwotabeki Cardale Jones na J.T. Barrett. Hao waligombea nafasi ileile, na mashambulizi yakayumba. Mchezaji anayeogopa kutolewa akikosea pasi moja hatulii kabisa.